Waulize Walimu: Hesabu za kidato cha tano, jibu moja halitoshi

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa waliomaliza kidato cha nne na kwa wanafunzi ambao tayari wako kidato cha tano. Tumechagua zinazohusu aljebra na trigonometria, kwa sababu asiyezishika hizo mbili atakwama kwenye kalkulasi, hata mwalimu awe hodari vipi.

Shikamooni walimu. Nimemaliza kidato cha nne, Hesabu nimepata B, na nataka kusoma PCM (tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hesabu). Shule zinafunguliwa Julai. Kaka anasema niende pri-fom faivu (tuisheni ya kabla ya kidato cha tano), mama anasema nipumzike. Huko mbele aljebra na trigonometria zikoje, na nijiandae na nini? (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba. Pumzika kwanza kama mama anavyosema, kisha kaa mezani.

Kwenye aljebra utakutana na vipeo na logi, mifululizo yenye alama ya Σ, mizizi ya polinomia, kanuni ya baki, matriki za 3 × 3, upanuzi wa binomia, na kuvunja sehemu moja kubwa kuwa sehemu ndogo ndogo. Kuna pia ule uthibitisho unaoanza na n = 1, ukachukulia n = k, ukamalizia kwa n = k + 1. Kwenye trigonometria kuna fomula za kujumlisha pembe, pembe maradufu, kugeuza jumla kuwa zao, fomula ya t, umbo la R (kuunganisha sini na kosini kuwa sini moja), radiani (kipimo kingine cha pembe badala ya digrii), pembe ndogo, na kinyume cha sini, kosini na tanjenti. Orodha inatisha kuisoma, lakini nyingi ya mada hizi ulishaziona kwa sura nyepesi huko nyuma.

Wanaoanguka, wengi wao hawaangushwi na mada mpya. Wanaangushwa na aljebra ya kidato cha pili. Jipime leo, bila kikokotoo na bila daftari, kwa maswali haya matatu:

1. Kamilisha mraba: 2x² − 12x + 7.
2. Rahisisha: 3/(x − 1) − 2/(x + 1).
3. Ondoa kipeuo kwenye asili (namba ya chini ya sehemu): 4/(3 − √5).

Majibu ni 2(x − 3)² − 11, kisha (x + 5)/(x² − 1), na la mwisho 3 + √5. Kama la pili limekupa x + 1 juu badala ya x + 5, alama ya kutoa haikuingia kwenye mabano yote: −2(x − 1) ni −2x + 2, siyo −2x − 2. Kama la kwanza limekupa −2 badala ya −11, umetoa 9 wakati ulitakiwa kutoa 18, maana ile 9 iko ndani ya mabano yanayozidishwa kwa 2. Ukikosa hata moja kati ya haya matatu, rudi kwenye kitabu cha kidato cha pili kabla hujalipa ada ya tuisheni yoyote. Pri-fom faivu nyingi huanza moja kwa moja na mada mpya, na ufa wa chini unabaki palepale.

Walimu, nilipewa sin 2x = cos x, kwa x kati ya 0° na 360°. Nimepata 30° na 150°, nimehakiki kwa kikokotoo na zote mbili ni sahihi. Mwalimu kanipa nusu ya alama. Kosa liko wapi? (Kidato cha tano, Tabora)

Majibu yako ni ya kweli, ila hayajatimia. Hatukuiona karatasi yako, lakini tuna hakika uliandika 2 sin x cos x = cos x, ukafuta cos x pande zote mbili, ukabaki na sin x = ½. Kufuta ni kugawanya. Huruhusiwi kugawanya kwa kitu ambacho kinaweza kuwa 0, na cos x inakuwa 0 mara mbili katika masafa uliyopewa, yaani 0° hadi 360°.

Usifute. Leta kila kitu upande mmoja:

2 sin x cos x − cos x = 0
cos x (2 sin x − 1) = 0

Hapo ama cos x = 0, ambayo inatoa 90° na 270°, ama sin x = ½, ambayo inatoa 30° na 150°. Majibu ni manne. Kidato cha nne swali lilikuwa likikuuliza "x ni ngapi?" Sasa linakuuliza "x zote ni zipi, na una uhakika gani kwamba zimeisha?" Hilo ndilo geuko kubwa la ngazi hii, na limeenea kwenye mada karibu zote.

Kwa kuwa tuko hapo, kuna njia nyingine mbili za kupoteza alama kwenye maswali ya aina hii. Ya kwanza ni kusahau kupanua masafa. Ukipewa tan 2x = 1 kwa x kati ya 0° na 360°, basi 2x inatembea kutoka 0° hadi 720°. Andika masafa hayo mapya kabla hujagusa kikokotoo: 2x = 45°, 225°, 405°, 585°, kwa hiyo x = 22.5°, 112.5°, 202.5°, 292.5°. Anayegawanya kwa 2 mapema anaishia na 22.5° peke yake, au akijitahidi anaongeza 202.5°.

Ya pili ni kinyume chake: kuleta majibu ya ziada. Chukua sin x + cos x = 1, kwa x kuanzia 0° hadi 360°. Ukiinua pande zote kwa kipeo cha 2 unapata 1 + sin 2x = 1, yaani sin 2x = 0, na x ni 0°, 90°, 180°, 270° au 360°. Rudisha kila moja kwenye mlinganyo wa mwanzo. Ile 180° inatoa −1, na 270° vilevile inatoa −1. Zikate zote mbili. Kuinua kwa kipeo cha 2 kunafuta tofauti kati ya 1 na −1, ndiyo maana majibu haya mageni yanaingia. Sisi tunapendelea umbo la R: √2 sin (x + 45°) = 1, kwa hiyo x + 45° ni 45°, 135° au 405°, na x ni 0°, 90° au 360°. Hakuna cha kukata.

Habari za kazi. Binti yangu anasoma EGM (Uchumi, Jiografia na Hesabu). Amebandika ukutani karatasi yenye fomula za trigonometria zaidi ya 30 na anazikariri usiku kucha. Ndivyo inavyotakiwa? (Mzazi, Mbeya)

Hapana, mzazi mwenzetu. Azishike tatu barabara:

sin² A + cos² A = 1
sin (A + B) = sin A cos B + cos A sin B
cos (A + B) = cos A cos B − sin A sin B

Nyingine azizalishe. Akiweka −B mahali pa B anapata fomula za kutoa. Akiweka B = A anapata sin 2A = 2 sin A cos A, na cos 2A = cos² A − sin² A. Akigawanya sini kwa kosini, kisha juu na chini akagawanya kwa cos A cos B, anapata tan (A + B). Akijumlisha sin (A + B) na sin (A − B) anabaki na 2 sin A cos B, na hapo ndipo zinapotoka zile za kugeuza jumla kuwa zao. Azifanye zote kwa mkono mara kadhaa kwa wiki. Baada ya muda atazikumbuka nyingi bila kukariri, na akisahau moja ndani ya chumba cha mtihani ataitengeneza palepale.

Kwenye maswali ya "onesha kwamba", aanze na upande mmoja tu, ule wenye vurugu zaidi, ashuke nao mpaka ufanane na wa pili. Mfano: (1 − cos 2A)/sin 2A = tan A. Kosini ya pembe maradufu ina sura tatu. Achague inayoiua ile 1, yaani 1 − 2 sin² A. Juu panabaki 2 sin² A, chini 2 sin A cos A, jibu tan A. Anayezidisha kwa kuvuka alama ya usawa tangu mstari wa kwanza ameshachukulia kwamba kinachotakiwa kuthibitishwa ni kweli, na msahihishaji atamkata.

Kwa (x + 1)/(x − 2) > 3 nimepata x < 3.5, lakini kitabu kinasema 2 < x < 3.5. Ile 2 imetoka wapi? (Kidato cha tano, Tanga)

Ulizidisha pande zote kwa x − 2 bila kujua kama ni chanya au hasi. Ikiwa hasi, alama ya > inageuka. Jaribu x = 0 kwenye swali lako: upande wa kushoto unatoa −0.5, ambayo haizidi 3. Toa 3 pande zote, uweke juu ya asili moja: (7 − 2x)/(x − 2) > 0. Chora mstari wa namba, weka alama kwenye 2 na 3.5, kisha pima ishara katika vipande vyote vitatu. Ni kipande cha katikati tu kinachokubali.

Logi zina mtego wa aina hiyohiyo. Kwa log x + log (x − 3) = 1, katika kizio cha 10, unapata x² − 3x − 10 = 0, na mizizi ni 5 na −2. Ile −2 itupe, ila andika sababu: logi ya namba hasi haipo katika namba halisi. Ukiikata kimya kimya, alama ya sababu hupewi.

Mdogo wangu anasoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na anafanya BAM (Basic Applied Mathematics). Je, akifaulu anaweza kuomba uhandisi? (Msomaji, Dodoma)

Asiitegemee. BAM ni somo la ziada, halimo kwenye pointi za masomo matatu ya tahasusi, na kozi za uhandisi kwa kawaida hudai Hesabu ya juu yenyewe. Kama moyo wake uko huko, aombe kubadili tahasusi mapema kidato cha tano, kabla wenzake hawajamaliza aljebra.

Kikokotoo changu kinanipa majibu ya ajabu kwenye pembe ndogo. Kimeharibika? (Kidato cha sita, Moshi)

Kizima. Kanuni ya kwamba sin x inakaribiana na x, na cos x inakaribiana na 1 − x²/2, inafanya kazi kwa radiani tu. Pembe ya 5° ni radiani 0.0873, na sini yake ni 0.0872, zinakaribiana. Ukiweka 5 yenyewe mahali pa x, unadai sini ni 5. Kalkulasi ya sini na kosini nayo hudai radiani, lakini swali la pembetatu lenye alama ya ° linataka digrii, kwa hiyo utabadilisha zaidi ya mara moja katika mtihani mmoja. Kabla ya kila swali la trigonometria bonyeza sin 30. Ikitoka 0.5 uko kwenye digrii, ikitoka −0.988 uko kwenye radiani.