Kerezo la zamani: kutu isikutishe

Nimeonyeshwa kerezo dogo, mashine ya kuchonga chuma kikizunguka, kuukuu, kutu tupu. Mwenye nalo anasema ni zima. Nitajuaje kabla ya kulipa?

Kutu ya juu juu inatoka. Cha kuogopa ni chuma kilicholika. Kazi nyingi hufanyika karibu na chaki, kile kichwa chenye taya kinachobana na kuzungusha kazi, kwa hiyo kitanda, yaani reli za chini, huanza kulika hapo. Sogeza kibebea kisu, kinachoteleza juu ya kitanda, mpaka karibu na chaki, kaza skrubu zake za kurekebishia hadi kiende kwa ugumu kidogo, kisha kipeleke mwisho wa kitanda. Kikizidi kuwa kigumu kidogo tu, unaweza kuishi nacho. Kikikwama kabisa, kitanda kinahitaji kusagwa upya, na gharama yake inaweza kupita bei ya kerezo lenyewe. Halafu hesabu gia za kubadilisha na ukague meno yake moja moja, maana bila seti kamili hutakata hesi (nyuzi za skrubu) zote unazotaka. Mimi ningechukua kerezo chafu lenye vifaa vyake vyote, nikaliacha lililopakwa rangi jana lakini gia zake hazijulikani zilipo.

Kutu naitoaje bila kuharibu vipimo?

Kwa umeme. Beseni la plastiki, maji, soda ya kufulia kidogo, na chaja ya betri ya volti 12. Waya hasi ufunge kwenye kipande chenye kutu, chanya kwenye chuma chakavu cha kawaida. Kamwe usitumie chuma kisichoshika kutu upande huo wa chanya, kwani hutoa kromiamu yenye sumu kali. Fanyia nje, gesi inayotoka inalipuka. Springi usizitie humo, zinaweza kuwa dhaifu na kukatika.

Nina kerezo dogo la Kiingereza, Myford ML7. Fundi anataka ang'oe beringi za spindeli, mhimili unaozungusha chaki, aweke za gololi.

Mkatalie. Mashine hiyo ilianza kuuzwa 1946 ikiwa na beringi za metali nyeupe, ambayo ni mchanganyiko wa metali laini, na zikipata mafuta zinadumu mno. Spindeli ikicheza, kwenye vifuniko vya beringi kuna vibati vya matabaka membamba: bandua tabaka moja, funga, pima tena. Tumia mafuta mepesi ya haidroliki, daraja la ISO 32.

Nianze na rangi?

Malizia nayo. Ile ya zamani huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, usiipige msasa mkavu.

Chaki ya kufungwa kwa hesi imeng'ang'ania.

Usifunge spindeli kwa kuunganisha gia za kupunguza mwendo. Meno mengi ya makerezo mazuri yamevunjwa hivyo, na inaniuma kila ninapoyaona. Tia mafuta ya kulegeza, acha usiku kucha. Zuia puli kwa mkanda wa zamani uliouzungusha vizuri, bana nondo nene kwenye taya za chaki, kisha igonge kwa nyundo ya mbao, pigo moja la ghafla, ukiileta upande wako.