Kivimbe cha shingoni na sindano niliyoikwepa miezi minne

Kilianzia chini ya sikio la kushoto, ukubwa wa punje ya harage, wala hakikuuma. Shangazi akanionya nisithubutu kukipeleka kwa wenye sindano: "Uvimbe ukitobolewa unakasirika, unasambaa mwili mzima." Nikamsikiliza. Nikapaka dawa za majani, nikajifunika mtandio. Miezi minne baadaye vilikuwa vitatu, na sketi zangu zote zinanipwaya.

Ndipo nikaenda hospitali kupimwa kwa sindano inayochota seli za uvimbe, na kipimo chenyewe hakikufika dakika kumi. Daktari alinipangusa kwa spiriti, akakibana kivimbe kwa vidole viwili, akaingiza sindano nyembamba na kuichezesha mbele na nyuma. Tone lililotoka akalidondosha juu ya kioo, akalitandaza kwa kioo cha pili kama mtu anayepaka siagi. Vioo vingine viliachwa vikauke, vingine vikatumbukizwa haraka kwenye alkoholi, maana seli za vioo hivi vya pili zikikauka kabla ya alkoholi hazisomeki vizuri. Maabara huzitia rangi, kisha mtaalamu wa patholojia huzitazama kwa hadubini: kiini cha seli kina ukubwa gani, zinafanana au kila moja ina sura yake.

Majibu ya kwanza yaliandikwa "sampuli haitoshi". Mimi nikadhani nimepona, nusura nisirudi! Tafadhali, ukiona maneno hayo, rudi. Maana yake seli zilizopatikana ni chache mno, hakuna aliyesema wewe ni mzima. Mara ya pili ilitoka kama usaha mzito, na jibu likawa TB ya tezi, yaani kifua kikuu kilichokaa kwenye tezi badala ya mapafu. Sikuwa nimekohoa hata siku moja. Nilimeza dawa miezi sita, na hapa Tanzania dawa za TB hutolewa bure.

Kwa hiyo ndugu yangu, kivimbe kikipitisha wiki mbili tatu bila kunywea, nenda. Hofu ya shangazi naielewa, lakini uwezekano wa sindano ile kusambaza saratani ni mdogo sana, na kuchelewa kuna madhara makubwa zaidi. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, sema mapema. Namba ya kipimo itunze, majibu yafuate mwenyewe. Na ukiambiwa hakuna kitu huku uvimbe unazidi kukua, omba kukatwa kipande kidogo cha nyama ya uvimbe kipimwe: sindano huleta seli zilizotawanyika, kipande cha nyama huonyesha jinsi zilivyopangana.