Sisti yenye miiba na tundu ubavuni: nianzie wapi kuitambua?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasoma jiolojia na utafiti wangu ni wa udongo wa mfinyanzi wa Kilwa, wa umri wa Eosini (kipindi cha kale cha jiolojia). Kwenye slaidi nimekuta sisti nyingi zenye miiba za dinoflajelati (vijiumbe vya seli moja vya majini), na nyingi zina tundu. Nimeziita zote jenasi ya Spiniferites, msimamizi akakataa. Je, hayo matundu si mipasuko ya maabara tu? Na ile isiyofanana na picha yoyote niliyonayo, niielezeje?

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako amefanya vema kukurudisha kwenye hadubini, maana miiba imewapoteza wengi kabla yako. Mwanasayansi Mjerumani Ehrenberg alipoviona visukuku hivi ndani ya mawe ya gumegume, miaka ya 1830, alivipa jina la Xanthidium, ambalo ni la mwani wa maji baridi wenye miiba. Baadaye vikaitwa histrikosfera, yaani vyote vyenye miiba vikatupwa kapu moja. Ni mwaka 1961 tu ndipo mtafiti William Evitt alipoonyesha kwamba vingi kati ya hivyo ni sisti za dinoflajelati, na ushahidi wake mkubwa ulikuwa hilo hilo tundu unaloliuliza.

Sisti ni ganda ambamo seli hujifungia na kulala kwenye matope ya chini ya bahari. Ikiamka hutoka kwa kung'oa sehemu ya ganda, na mlango huo ndio tunaouita arkeopaili. Sasa, seli inayoogelea huvaa vigae vilivyopangwa kwa mistari, na mlango wa sisti hufuata mipaka ya vigae hivyo. Kwa hiyo mlango wa kweli una kingo safi zenye pembe, nao hujirudia mahali pale pale kwenye sisti hata ishirini za aina moja. Mpasuko hukatiza popote. Tazama pia ndani ya sisti: mara nyingi kifuniko kimedumbukia humo, na umbo lake linalingana na tundu.

Kazi yako ya kwanza, basi, ni kujua kigae kipi kimetoka. Tafuta mkanda unaoizunguka sisti kiunoni, na mfereji wa upande wa tumboni. Ukishajua juu ni wapi na mgongo ni upi, tumia hesabu ya Kofoid, yaani mfumo wa kuvipa vigae namba na alama: alama ' kwa vigae vya kileleni, '' kwa vilivyo juu ya mkanda, ''' kwa vilivyo chini yake, '''' kwa vya kitakoni.

Hapo ndipo miiba inapoanza kusema. Spiniferites hung'oa kigae cha 3'', yaani cha tatu kati ya vilivyo juu ya mkanda, kilicho mgongoni. Panda na kushuka taratibu kwa skrubu ndogo ya hadubini: utaona miiba imesimama kwenye pembe ambapo vigae hukutana, imegawanyika ncha tatu, na kila ncha imepasuka tena mara mbili. Kati ya mwiba na mwiba pana ukingo mwembamba. Ukingo ukikosekana na mengine yote yakiwepo, fikiria Achomosphaera. Operculodinium nayo hung'oa 3'' ile ile, ila miiba yake imetapakaa bila kujali vigae. Hystrichosphaeridium ina mwiba mmoja mnene, uliopanuka mwishoni kama tarumbeta, katikati ya kila kigae, na kilele chake chote hung'oka.

Kwa umri wa sampuli zako, angalia sana Homotryblium. Hiyo hukatika nusu nzima ya juu, ukabaki na bakuli mbili ambazo mtu mwenye haraka huziita takataka, au huzihesabu kama sisti mbili. Kila bakuli ihesabu nusu.

Ukipata isiyofanana na chochote, ieleze kabla ya kuipa jina. Anza na umbo, kisha tabaka za ukuta: je, zimeshikana au zimeachana zikaacha uwazi? Fuata uso wa ukuta, miiba na mahali ilipoota, arkeopaili, kisha vipimo. Pima mwili bila miiba, halafu urefu wa miiba peke yake, kwa mikromita. Andika umepima sisti ngapi, ndogo kabisa, kubwa kabisa na wastani. Zilizokunjamana usizipime. Daftarini andika kwa Kiswahili bila kuona haya. Anayelazimika kutafuta neno lake mwenyewe la kuelezea ncha ya mwiba huitazama ncha hiyo kweli kweli, kuliko anayenakili istilahi ya kitabuni.

Jina jipya lisubiri. Kisheria visukuku hivi hufuata kanuni za majina ya mimea na mwani: lazima uteue kielelezo kimoja na kutaja kilipohifadhiwa, na maelezo yachapishwe kwa Kilatini au Kiingereza. Kwa sasa andika "Homotryblium sp. A" ("sp." ni spishi isiyo na jina bado), au hata "jenasi haijulikani, aina A", na msimamizi hatakukatalia. Piga picha tatu za kila sisti, uso wa juu, katikati na uso wa chini, bila kuigusa slaidi. Kisha andika namba ya slaidi na vipimo vya jukwaa la hadubini, ili mwingine aweze kuirudia sisti ile ile.