Mkuu, usifomati hiyo diski!

Mkuu uliyeuliza kutoka Iringa, acha. Usibonyeze kitu. Umesema umeme ulikatika juzi, uliporudi video zote zikawa zimetoweka kwenye Jellyfin (ile programu ya kuonyesha video zako za nyumbani), ukachomeka diski kwenye laptopu na Windows ikadai ifomatiwe, yaani iandaliwe upya kama diski mpya. Na jamaa wa dukani kakwambia "fomati tu, zitarudi." Hazirudi! Mimi niliambiwa maneno hayohayo, nikayaamini.

Nipo Uyole, Mbeya. Mwaka 2021 nilikuwa na diski ya TB 1 imechomekwa kwenye kompyuta kuukuu ya Linux (mfumo endeshi mbadala wa Windows), kama wewe. Humo mlikuwa na harusi ya dada yangu, kipaimara cha watoto, na bibi yangu wa Tukuyu akisimulia maisha yake kwa Kinyakyusa, dakika 50 nzima. Umeme ukakatika, ukarudi, Jellyfin ikawa tupu. Nikabeba diski hadi kwa fundi mmoja mjini. Akaichomeka kwenye Windows, ikadai ifomatiwe, akafomati. Dakika mbili, elfu kumi, "tayari imepona."

Diski haikuwa inaumwa! Ilikuwa ya ext4, mfumo wa Linux wa kupanga faili kwenye diski, na Windows yenyewe haiusomi. Ikiukuta inadai kufomati hata kama diski ni nzima kabisa. Kilichotokea nyumbani ni kwamba kompyuta ilipowaka upya haikuiunganisha diski na folda yake. Jellyfin ikachungulia folda, ikakuta tupu, ikafuta majina kwenye orodha yake. Orodha tu. Video zilikuwa zimelala palepale.

Yule fundi bado ananiuma rohoni. Angeniuliza swali moja tu: humu ndani mna nini, na ilikuwa inatumika kwenye mashine gani?

Halafu nikaharibu zaidi mimi mwenyewe, na hapa ndipo nakuomba unisikilize. Kufomati kwa haraka hakufuti video, kunafuta daftari linalosema ipi iko wapi. Ni kama ghala la viazi: daftari limechanwa, magunia bado yamo. Mimi nikarudi nyumbani nikakopi tamthilia GB 200 kwenye diski hiyohiyo. Kila tamthilia ilikalia nafasi ya kitu changu. Wiki mbili baadaye kijana mmoja akanionyesha PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizopotea. Harusi ikarudi vipande vipande, faili hazina majina, ni namba tupu. Ya bibi zilipatikana dakika 4. Bibi alishazikwa mwaka mmoja kabla.

Kwa hiyo shika hili: diski ambayo video zake hazionekani, haiandikwi kitu. Isifomatiwe, isikopiwe faili hata moja, na Windows ikikuuliza, bonyeza kughairi.

Irudishe kwenye ile kompyuta ya Linux. Ichomeke moja kwa moja bila kupitia kigawanyio cha USB, na ujaribu tundu lingine na waya mwingine, maana diski ndogo hula umeme wa USB na tundu la USB 2.0 kwa kawaida hutoa mA 500 tu. Andika lsblk -f kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri); inaorodhesha diski na mifumo yake. Ukiona ext4, pumua, iunganishe na folda yake ileile kisha uiambie Jellyfin ikague maktaba upya. Zikiwa kwenye folda lakini Jellyfin haizioni, angalia ruhusa za kusoma.

Ikiwa haionekani kabisa au inagonga tik-tik, zima. Inayogonga hivyo usiiwashe tena, mpelekee mtu wa kuokoa data. Kama haigongi ila haifunguki, nunua diski nyingine yenye ukubwa uleule au zaidi, nakili yote kwa ddrescue (programu ya kunakili diski yenye matatizo), na TestDisk, ya kurekebisha mpangilio wa diski, uiendeshe kwenye ile nakala. Ni gharama, najua.

Uliuliza pia habari ya manukuu na televisheni ipi ununue. Hayo baadaye. Leta kwanza hapa majibu ya lsblk -f, na huyo jamaa wa dukani asiiguse.