"Mafuta ya goti yameisha": je, mama yetu akate tamaa?

SWALI (Kibirizi, Kigoma): Mama ana miaka 61, anaanika dagaa. Eksirei imeonyesha magoti yamesagika. Alipewa dawa na mazoezi, siku ya nne akaacha: "Mafuta ya goti yameisha, hayarudi." Ndugu wanasema ni mawazo tu. Ni kweli?

JIBU: Hapana. Maumivu ya mama ni ya kweli, naomba ndugu wasimwambie tena neno hilo. Ila anachotarajia nacho kinaingia ndani ya maumivu.

Taarifa kutoka gotini hupita uti wa mgongo hadi kwenye ubongo, na njiani zinaweza kupunguzwa au kukuzwa. Hofu, kukosa usingizi na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) huzikuza. Ndiyo maana watu wawili wenye picha zinazofanana, mmoja anapanda ngazi, mwingine hainuki kitini. Mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 180 wa goti: wengine walioshwa au kukwanguliwa ndani ya kiungo, wengine walichanwa ngozi tu wakashonwa, bila kujua. Kwa miaka 2, waliopasuliwa kweli hawakupata nafuu zaidi kuliko waliochanwa ngozi.

Kinachonisumbua zaidi ni hayo "mafuta yameisha". Anayeamini hivyo, goti likilia tu anaona linaisha, basi anakaa. Akikaa, misuli ya paja inalegea. Siku akiinuka kwenye kigoda kugeuza dagaa, mzigo wote unaangukia kiungo, goti linauma kuliko jana, naye anasema, "Si niliwaambia?" Mwelezeni hivi: gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ya goti, imepungua unene, lakini paja likipata nguvu litabeba sehemu ya kazi.

Aketi kwenye kiti cha kawaida, anyooshe mguu mmoja, akaze paja sekunde 5, ashushe taratibu. Mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Ayapime maumivu kuanzia 0 hadi 10: yakiishia 4 na kutulia kufikia kesho asubuhi, aendelee. Yakizidi hapo, apunguze hadi mara 5, asiache.

Siku nne ni mapema mno. Nafuu ya mazoezi huonekana wiki ya 6 hadi ya 12. Msimwahidi kupona kabisa, maana akiona bado linauma ataona amedanganywa. Mpeni lengo analoweza kuliona: kuinuka kigodani bila kusukuma paja kwa mikono.

Diklofenaki, dawa ya maumivu, asijiongezee, huumiza tumbo na figo, na mwenye presha ndiyo zaidi.

Akiwa na huzuni au kukosa hamu ya mambo wiki 2 mfululizo, mpelekeni kituo cha afya na mlitaje hilo waziwazi, msiishie kutaja goti. Sonona inatibika. Goti likivimba na kuwa la moto pamoja na homa, hospitali siku hiyohiyo. Na kama viungo hukakamaa asubuhi kwa muda wa zaidi ya dakika 60 huku vidole vimevimba, aombe kupimwa baridi yabisi, ambayo dawa zake ni nyingine kabisa.