Mpimeni chumvi ya damu

Dada yangu, umeuliza kwa nini bi mkubwa wako wa Wete, aliyetolewa uvimbe mdogo mgongoni juzi tu, leo anaita watu majina siyo na kichwa kinamgonga. Msiseme ni uzee wala shetani. Mrudisheni hospitali sasa hivi apimwe sodiamu, yaani chumvi ya damu. Kawaida ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Ikishuka sana, mtu hushikwa na kifafa.

Maumivu, kichefuchefu na hofu ya kisu huufanya mwili utoe homoni ya kuzuia mkojo. Basi kila anachokunywa kinabaki ndani na kuizimua ile chumvi. Na sisi tunavyojua kuuguza! Mama yangu nilimkuta na jagi la maji kando ya kitanda na madafu mawili yameshachongwa, kila anayeingia anamwambia "kunywa, bibi, kunywa". Dafu lina potasiamu nyingi, sodiamu kidogo. Kesho yake ameshika kanga anaitafutia mikono. Sitaisahau ile.

Daktari aambiwe kama anatumia vidonge vya presha vya kukojoza, hivyo navyo hushusha sodiamu, hasa kwa kina mama wazee. Tafadhali msimlishe chumvi kwa kijiko: ikipanda kwa haraka ubongo huumia, ndiyo maana hospitali huipandisha polepole huku wakirudia kupima damu. Njiani msimlazimishe maji. Akitapika au akisinzia haamshiki, mwambieni daktari mara tu mkifika, msikae foleni.