Baba ana miaka 69 na bado anapiga kiki

SWALI: Shikamoo anko. Mi naishi Arusha ila nyumbani ni Kibosho. Baba yangu ana miaka 69, alikuwa bwana shamba, kastaafu siku nyingi ila pikipiki yake, Honda CG 125, hajaiacha, karibu kila siku anashuka nayo mpaka Mbuyuni, iwe mvua iwe jua. Mwezi uliopita kateleza kwenye matope karibu na nyumbani akachubuka goti na mkono. Kaka zangu wanataka kuiuza kimya kimya siku akiwa kanisani, mama anasema mwacheni. Hivi kwa nini watu wazima hawaachi pikipiki jamani? Na sisi tufanyeje?
Binti wa Kibosho, Arusha

JIBU: Marahaba mwanangu, na umpe baba pole yangu. Kwanza waambie kaka zako hiyo biashara waiache leo hii. Mzee arudi toka ibadani akute mali yake imeuzwa na watoto aliowasomesha, hatawauliza mmepata shilingi ngapi, atawauliza mmenizika lini.

Mi mwenyewe nina miaka 63 na bado naendesha, kwaiyo ninachokwambia nakijua. Watu wanadhani tunang'ang'ania ujana, sio ivo kabisa. Ukifika umri huu kila kitu unaomba, unaomba mtoto atume hela ya dawa, unaomba mjukuu akusomee meseji, unamwomba konda wa Noah asubiri kidogo uvute mguu uingie, na ye anapiga kelele twende twende. Pikipiki humwombi mtu. Unapiga kiki, unasikia injini imeshika, unaondoka saa unayotaka wewe, ukipita nyumba yenye msiba unasimama unatoa pole afu unaendelea. Na kwa baba yako kuna zaidi, maana ile pikipiki ndo kazi yake yote, ndo iliyompandisha kwenye vihamba vya watu kuangalia kahawa na migomba. Akipita nayo mpaka leo naamini kuna wanaomwita bwana shamba. Ndani ya Noah ni abiria tu. Hilo mama yako kaliona, nyie bado.

Afu chombo chenyewe hakimpi sababu ya kuacha. CG 125 ilitoka miaka ya 70, Honda waliitengeneza makusudi kwa watu ambao gereji iko mbali na sevisi ni mara moja moja, na pikipiki nyingi za Kichina tulizonazo injini zake ni kopi ya hiyo hiyo, kwaiyo spea hazimsumbui.

Ila sasa mwili. Hapa siwezi kumtetea mzee mwenzangu, maana umri unachukua vitu taratibu bila mwenyewe kujua. Macho usiku yanapungua nguvu, taa za lori zikikumulika unabaki sekunde kadhaa huoni kitu. Shingo haigeuki vizuri kwaiyo asiendeshe bila saiti mira zote mbili. Na mkono unachelewa kushika breki: ukiwa na spidi 60 unakula kama mita 17 kila sekunde, ukichelewa nusu sekunde tu umeshasogea mita 8 kabla breki haijaanza kazi, na mita 8 ndo mtoto anayevuka barabara. Wengi wetu tulifundishwa kuogopa breki ya mbele tukazoea ya mguu peke yake, wakati kwenye lami kavu ya mbele ndo inayosimamisha zaidi, inatakiwa ushike zote mbili kwa pamoja. Kwenye matope ndo uende nayo taratibu, maana udongo wa Kibosho masika unateleza kama mlenda.

Kwaiyo msimnyang'anye, kubalianeni. Kaeni nae mama akiwepo, mzaliwa wa kwanza aongee, afu muombe vitu vichache: giza likiingia pikipiki iko ndani, siku ya mvua kubwa apande Noah, na barabara kuu ya kwenda Boma Ng'ombe yenye malori na mabasi aachane nayo. Apimwe macho, hospitali ya KCMC si iko hapo hapo Moshi, mtoto wa jicho anatolewa na mtu anaona tena. Kama anameza dawa za presha na anasikia kizunguzungu amwambie daktari kabla hajapanda tena, hilo msilipe nafasi hata kidogo. Na ile mbege ya jioni anywe pikipiki ikiwa imelala.

Goti likimsumbua, kiki itamtesa, kuna za stata ya kubonyeza ila najua hataki kuiacha Honda yake, basi angalau mbadilishieni shoo za breki na tairi kama zimeshakuwa kipara. Na helmeti. Tafiti zilizokusanywa nchi mbalimbali zimeonyesha inapunguza vifo kwa asilimia 42 na kuumia kichwa kwa asilimia 69, ila iwe inambana vizuri na mkanda umefungwa, sio ile ya zamani imepasuka inaning'inia kwenye usukani. Changeni nyie watoto mnunue mpya nzuri. Na msiitume na basi mwanangu, mpelekeeni wenyewe Jumamosi, mkae nae gerejini mpaka shoo zimefungwa.